Neno la Ukutani

Lifti inatoka tatu, inaruka, inafika tano.
Nne haipo. Kwao hapa nne hutamkwa karibu sawa na kifo,
basi wameifuta, kama muuza duka afutavyo deni
la mtu aliyehama mtaa.

Mhudumu wa zamu, Duan Yufen, anainong'oneza simu yake
na simu inanigeukia kwa Kiswahili cha bati:
"Mheshimiwa mzigo, ndege yako imelala. Lala na wewe."
Nikacheka. Naye akacheka, bila kujua cha kuchekesha,
akanipa kadi, ndala za karatasi,
na kopo la tambi lenye picha ya ng'ombe
ambaye ndani hayumo.

Chumba 309. Dirisha halifunguki.
Zulia lanuka sigara za watu waliokwisha fika makwao.
Nikajilaza na soksi, kama mlinzi,
pasipoti chini ya mto,
nikihesabu ndege kwa mtetemo wa glasi sinkini.
Wahenga walimpangia mgeni mambo yake:
siku mbili za kukirimiwa, ya tatu jembe.
Mgeni wa saa tano hawakumwekea neno.

Saa kumi kasorobo. Kunming iko juu, na baridi yake
haina haja ya upepo.
Dereva, Pu Zhengkun, ametupasha basi moto tangu saa tisa.
Tuko watatu: mimi, mama mmoja wa Chengdu,
na mwanawe anayelala mdomo wazi begani.
Dereva anataka kujua nimelala chumba gani.
Namwonyesha kwa vidole: tatu, duara, tisa.
Anazima redio.

Anapumulia kioo, anachora kwa ukucha
alama moja yenye miguu mingi,
anaitamka: chai.
Chai! nasema, nafurahi kulipata neno letu ugenini,
nanyanyua kikombe cha hewa, nakipuliza.
Mama wa Chengdu anatikisa kichwa.
Simu ya dereva, safari hii bila kigugumizi:
"Bomoa."

Waliiandika kwa rangi nyekundu, nyumba kwa nyumba,
mwaka walipokuja wenye kamba na vigingi.
Ukuta wa jikoni kwa mama yake ulikuwa wa kumi na saba.
Mama alitoka akaitazama, akarudi kumenya viazi,
kwa sababu ilikuwa mchana na watu hula mchana.
"Umelala juu ya jiko letu," yasema simu,
"ghorofa tatu hewani. Ulipata usingizi?"

Niseme nini? Nikasema nilipata.

Fidia waliilipa, hakuficha.
Wana nyumba ya ghorofa ya kumi na moja, na maji ya moto.
Mama alikaa humo miaka minne
akishuka kila asubuhi kutafuta udongo wa kukanyaga.
Hapo simu ilitafsiri neno moja tu, "viatu",
na dereva hakurudia.

Kituoni alinishika mkono akanitilia kitu
katika karatasi ya fedha, moto kama kifaranga.
Nyuma ya maegesho, kando ya uzio, kuna kiwanja
chembamba kama shuka iliyokunjwa.
Meneja anakijua. Meneja hukipita akitazama kwingine.

Kwenye mashine kiazi kilionekana doa jeusi, duara.
Mkaguzi, binti mdogo mwenye glavu kubwa,
alikifunua, mvuke ukampata usoni.
Akamwita mwenzake. Wakaulizana.
Akakifunga tena, taratibu kuliko alivyokifungua.

Nilikila juu ya mawingu pamoja na maganda,
pilipili ikiniwasha hadi masikioni,
jirani yangu akijifanya hanioni.
Chini hakukuwa na cha kutazama, taa tu na giza.

Nimekunywa chai maishani mwangu mwote,
asubuhi, jioni, matangani, harusini.
Walipopita na sinia lao nikasema:
maji, tafadhali.

Bwana Pu, ile siku ya tatu sikuifikia.
Unanidai jembe.